Somo: Kupiga Kura na Kugombea Katika Uchaguzi wa Manispaa za Ontario, Oktoba 2026

Uchaguzi wa manispaa katika jimbo la Ontario hufanyika kila baada ya miaka minne, Jumatatu ya nne ya mwezi wa Oktoba, na unaofuata umepangwa tarehe 26 Oktoba 2026. Siku hiyo huchaguliwa meya, madiwani na wajumbe wa bodi za shule, yaani watu wanaoamua habari za mabasi, maji, takataka, maktaba, uzoaji wa theluji, vibali vya ujenzi na kiwango cha kodi ya majengo. Mwaka 2022 ni takriban asilimia 30 tu ya wapiga kura wa Toronto waliojitokeza. Anayelalamikia basi la mtaa wake kila asubuhi ana sababu nzuri zaidi ya kupanga foleni siku hii kuliko siku ya kuchagua wabunge wa taifa huko Ottawa.

Nianze kwa tahadhari. Somo hili, kwa wanachama wetu wanaosema Kiswahili, ni la Ontario peke yake, kwa kuwa nchini Kanada manispaa ziko chini ya majimbo na kila jimbo lina sheria yake. Quebec hupiga kura mwezi wa Novemba na ina vyama vya siasa vya mijini. British Columbia hupiga kura siku ya Jumamosi. Alberta ina kalenda yake yenyewe, na ndiko Naheed Nenshi, ambaye wazazi wake walihamia Kanada kutoka Tanzania, alikokuwa meya wa Calgary kuanzia 2010 hadi 2021. Huku kwetu inayotawala ni Sheria ya Uchaguzi wa Manispaa ya mwaka 1996, na msimamizi wa uchaguzi ni karani wa manispaa. Ofisi yake ndiyo ya kuiendea kwa jambo lolote ambalo somo hili halikuligusa.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba una haki ya kupiga kura

Mpiga kura anatakiwa awe raia wa Kanada, awe ametimiza miaka 18 ifikapo siku ya uchaguzi, na awe na uhusiano na manispaa husika: ama anaishi humo, ama anamiliki au amepanga nyumba au ardhi humo, ama ni mke au mume wa mwenye mali hiyo. Anayetumikia kifungo gerezani haruhusiwi. Mwanafunzi anayesoma mbali na kwao na anayekusudia kurudi anaweza kupiga kura katika manispaa ya chuo na pia katika manispaa ya nyumbani, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Asiye na makazi naye hakusahauliwa, kwani sheria inamhesabu kuwa mkazi wa mahali alikorudi mara nyingi zaidi kulala au kula katika wiki tano za nyuma.

Hatua ya pili: kagua jina lako kwenye daftari

Tangu Januari 2024 daftari la wapiga kura la jimbo na la manispaa ni moja, na linatunzwa na Elections Ontario. Unaweza kulikagua na kulisahihisha kupitia tovuti ya RegisterToVoteON.ca. Lifanye jambo hili mapema, hasa ikiwa ulihama hivi karibuni au uliapa kuwa raia juzijuzi, kwa maana kula kiapo cha uraia si sawa na kuandikishwa kwenye daftari. Hata hivyo, jina likikosekana, unaweza kuongezwa kituoni siku yenyewe ukiwa na kitambulisho.

Katika ukaguzi huo kuna kipengele kinachopuuzwa sana, nacho ni mfumo wa shule unaouunga mkono. Ontario ina mifumo minne ya shule inayogharimiwa na serikali: ya umma ya Kiingereza, ya Kikatoliki ya Kiingereza, ya umma ya Kifaransa na ya Kikatoliki ya Kifaransa. Kila mpiga kura humchagua mjumbe wa mfumo mmoja tu, na asiyesema lolote huhesabiwa kuwa wa umma wa Kiingereza. Familia nyingi za Waswahili waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda zimewapeleka watoto wao shule za Kifaransa, lakini wazazi wakifika kituoni hupewa karatasi ya bodi ya Kiingereza, bodi ambayo hawana mtoto ndani yake. Haki ya kuchagua bodi ya Kifaransa inatokana na kifungu cha 23 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa Kanada, na haimtaki mtu awe amezaliwa akisema Kifaransa: raia ambaye mtoto wake anasoma au amesoma shule ya msingi au ya sekondari ya Kifaransa nchini Kanada anaipata. Mwombe karani akuelekeze namna ya kubadilisha kumbukumbu hiyo kabla ya siku ya kura. Ninalisisitiza hili kuliko jingine lolote katika upande wa kupiga kura, kwa sababu bodi za Kifaransa zina wapiga kura wachache na sauti ya wazazi kumi husikika. Kwa kuwa mwaka 2025 serikali ya jimbo iliziweka bodi kadhaa chini ya wasimamizi wake, ni vema pia kuuliza hali ya bodi yako ikoje.

Hatua ya tatu: siku ya kura

Vituo hufunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa mbili usiku. Saa hizi nazihesabu kwa Kiswahili; kwenye kadi yako ya taarifa za kura zitaandikwa 10 na 8. Chukua kitambulisho chenye jina na anwani yako ya Ontario, kwa mfano leseni ya udereva, mkataba wa upangaji, taarifa ya benki au bili ya umeme. Picha si lazima. Usitegemee pasipoti pekee, kwani haina anwani iliyochapishwa. Manispaa nyingi hutoa pia siku za kura ya mapema, na nyingine huruhusu kura kwa posta, kwa simu au kwa intaneti, kila moja kwa uamuzi wake. Kwa anayefanya kazi zamu ndefu, sheria inampa haki ya kuwa na saa tatu mfululizo za kupiga kura ndani ya muda ambao vituo viko wazi, na mwajiri haruhusiwi kumkata mshahara kwa ajili hiyo.

Usitafute nembo ya chama, kwa kuwa haipo. Karatasi ina majina matupu, na aliyeingia kituoni bila kuwajua wagombea hawezi kuokolewa na rangi wala alama.

Hatua ya nne: ikiwa unataka kugombea

Sifa za mgombea ni karibu zile zile za mpiga kura, naye lazima azitimize siku anaporudisha fomu. Fomu hupokewa kuanzia tarehe 1 Mei 2026 hadi Ijumaa tarehe 21 Agosti 2026, saa nane mchana, na dakika moja baada ya hapo mlango umefungwa. Ada ni dola 200 kwa nafasi ya meya na dola 100 kwa udiwani au bodi ya shule, na hurudishwa kwa mgombea aliyewasilisha hesabu zake kwa wakati. Anayegombea umeya au udiwani katika manispaa yenye wapiga kura zaidi ya 4,000 lazima alete saini za wadhamini 25 wenye haki ya kupiga kura katika manispaa hiyo. Mdhamini anaweza kumdhamini mgombea zaidi ya mmoja, kwa hiyo saini yake si ahadi ya kura. Mgombea wa bodi ya shule hahitaji wadhamini.

Mtaona kwamba mlango ni mpana. Katika uchaguzi mdogo wa meya wa Toronto wa Juni 2023, wagombea walikuwa 102, na Olivia Chow alishinda kwa takriban asilimia 37 ya kura, kwa kuwa mwenye kura nyingi ndiye mshindi hata asipofika nusu. Kwa maoni yangu, mgeni katika siasa za manispaa angeanza na bodi ya shule au udiwani wa manispaa ndogo. Kata 25 za Toronto zimekuwa kubwa mno tangu jimbo lilipopunguza idadi yake mwaka 2018, na kuizungukia kata moja nyumba kwa nyumba ni kazi ya majira yote ya joto.

Hatua ya tano: fedha, penye mitego

Sisi tumezoea kuchanga. Mtu wetu akisimama, mfuko unazungushwa, kila mmoja anatia alichonacho, na jina la mtoaji halina umuhimu. Katika uchaguzi wa Ontario karibu kila kipengele cha desturi hiyo kina kizuizi, na nia njema si utetezi.

Kwanza, mgombea haruhusiwi kupokea wala kutumia hata senti kabla ya kurudisha fomu yake ya kugombea. Anayechapisha vipeperushi mwezi wa Machi amekwisha kukosea. Pili, akianza kupokea fedha lazima afungue akaunti ya benki ya kampeni peke yake, na kila dola ipite humo. Tatu, wanaoruhusiwa kuchangia ni watu binafsi wanaoishi Ontario; kampuni na vyama vya wafanyakazi wamekatazwa, na vilevile vikundi na jumuiya. Binamu aliyeko Ohio, au kaka aliyeko Mombasa, asitume kitu. Nne, mtu mmoja asizidishe dola 1,200 kwa mgombea mmoja, isipokuwa kwa umeya wa Toronto ambako kiwango ni dola 2,500, na jumla ya anachowapa wagombea wote wa baraza moja isizidi dola 5,000. Tano, mchango unaozidi dola 25 usitolewe kwa fedha taslimu, bali kwa njia inayoonesha jina la mtoaji na akaunti yake. Mchango usiojulikana umetoka kwa nani hauwi wa mgombea. Hukabidhiwa kwa karani.

Matumizi nayo yana kikomo. Kwa diwani ni dola 5,000 na kuongeza senti 85 kwa kila mpiga kura, kwa hiyo kata yenye wapiga kura 40,000 ina kikomo cha dola 39,000. Fedha za mgombea mwenyewe na za mwenzi wake zina kikomo chao: katika kata hiyo hiyo ni dola 5,000 na senti 20 kwa kila mpiga kura, yaani dola 13,000. Jasho la wanaojitolea bila malipo halihesabiwi kuwa mchango, na hapo ndipo jamii yenye watu wengi na fedha kidogo inapoweza kumzidi tajiri.

Mwisho wa Machi 2027 kila mgombea, aliyeshinda, aliyeshindwa na hata aliyejitoa, hutakiwa kuwasilisha hesabu zake kwa karani. Aliyepokea au kutumia zaidi ya dola 10,000 huambatanisha ripoti ya mkaguzi wa hesabu. Aliyechelewa anaweza kujiokoa ndani ya siku 30 kwa kulipa dola 500. Asiyewasilisha kabisa hupoteza kiti kama alishinda, na sheria yenyewe humzuia kugombea tena mpaka uchaguzi mkuu unaofuata wa manispaa upite.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Kitchener: Shikamoo mwalimu. Nina kadi ya ukaaji wa kudumu, nimenunua nyumba na ninalipa kodi yake. Nasitasita kuomba uraia kwa sababu Tanzania hairuhusu uraia pacha. Je, siwezi kupiga kura ya manispaa tu?

Marahaba. Huwezi. Baraza la Toronto liliwahi kuliomba jimbo, mwaka 2013, liwaruhusu wakaazi wa kudumu, na sheria haikubadilishwa. Yaliyo wazi kwako ni kuchangia mgombea kwa jina lako, kwa kuwa sharti la mchangiaji ni kuishi Ontario na si uraia. Kujitolea katika kampeni. Na kwenda mbele ya kamati za baraza kutoa maoni. Ila usitie saini ya udhamini, maana mdhamini lazima awe na haki ya kura.

Mwanachama, London: Jumuiya yetu ina akiba, na tumekubaliana kwenye mkutano kumsaidia dada yetu anayegombea udiwani. Tumpe kwa jina la jumuiya au tugawane majina?

Msifanye lolote kati ya hayo mawili. Jumuiya haiwezi kuchangia, na kugawa fedha za jumuiya kwa majina ya watu ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu sheria inamtaka mchangiaji atoe fedha zake mwenyewe. Kila mwanachama anayetaka na atoe kutoka mfukoni mwake, na apewe risiti. Na ikiwa jumuiya inafikiria kuchapisha matangazo yake yenyewe ya kumpigia debe, bila kuelekezwa naye, ijue kwamba lazima kwanza iwe shirika lililosajiliwa kisheria (corporation), kisha ijisajili kwa karani kama mtangazaji wa pembeni.

Mwanachama, Brampton: Ninaishi Brampton, na nina nyumba mbili za kupangisha Toronto. Nina kura ngapi?

Kura ya meya na diwani Brampton, na kura ya meya na diwani Toronto mara moja tu, hata kama nyumba zingekuwa kumi. Kuhusu bodi ya shule, waulize makarani wa miji yote miwili.

Mwanachama, Ottawa: Mama yangu ni raia, ila hasomi Kiingereza wala Kifaransa, na mkono wake unatetemeka. Naweza kuingia naye?

Naam. Mwambieni msimamizi wa kituo kwamba anahitaji msaidizi. Utaapishwa kwanza, kisha utatia alama pale anapokuelekeza yeye. Akishindwa kabisa kutoka nyumbani, anaweza kumteua mpiga kura wa niaba kwa fomu inayopatikana kwa karani, pale ambapo njia hiyo inatumika. Mtu mmoja anaweza kupiga kura kwa niaba ya ndugu zake wa karibu zaidi ya mmoja, lakini kwa asiye ndugu ni mmoja tu.

Mwanachama, karibu na Toronto: Ninaendesha basi la jiji ninamoishi, na nimeajiriwa na jiji lenyewe. Nikigombea udiwani huko nitafukuzwa kazi?

Kwa kugombea, hapana. Omba likizo bila malipo, na iwe imeanza kabla hujarudisha fomu. Ukishindwa, unarudi kwenye usukani. Ukishinda, sheria inakuhesabu kuwa umejiuzulu ajira hiyo.