Jinsi ya Kutunza Ngozi Yenye Chunusi

Chunusi hutokea pale mafuta ya ngozi yanapochanganyika na seli zilizokufa na kuziba vitundu vya vinyweleo, ambamo bakteria huzaliana na kuleta uvimbe. Hazitokani na uchafu, kwa hiyo kusugua uso kwa nguvu huzidisha madhara. Osha uso mara 2 kwa siku kwa sabuni isiyo kali, kisha paka dawa yenye benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hadi 5, ukikumbuka kwamba hupausha nguo na mashuka. Nafuu huonekana baada ya wiki 6 hadi 12, na inasikitisha kwamba wengi huacha mapema. Usizikamue, hasa ikiwa ngozi yako ni nyeusi, kwani madoa hudumu kuliko chunusi zenyewe. Ukiona vivimbe vikubwa vyenye maumivu, mwone daktari wa ngozi kabla makovu hayajatokea.