Kufuatilia historia ya kito cha kifalme: anzia shimoni

Mimi ni mtoto wa Shinyanga, na baba yangu alikuwa fundi mitambo mgodini Mwadui. Kila nikiona picha ya Malkia Elizabeth II amevaa lile ua la almasi kifuani, macho yangu huenda moja kwa moja kwenye jiwe la rangi ya waridi lililo katikati. Lilitoka kwetu.

Ukitaka kuchimbua historia ya kito kama hicho, kwanza tenganisha jiwe na pambo. Hapa ndipo wengi hukosea. Jiwe hili lilipatikana Oktoba 1947 katika mgodi wa John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, naye akamzawadia Elizabeth, aliyefunga ndoa mwezi uliofuata. Ua lenyewe lilitengenezwa na kampuni ya sonara Cartier mwaka 1953. Ukiliita pambo la 1947, umeshalizeesha kwa miaka sita.

Halafu shika uzito. Likiwa ghafi lilikuwa na karati 54.5, lilipokatwa London zikabaki 23.6. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo gramu 10.9 zilishuka hadi 4.7 hivi. Zaidi ya nusu imekwenda! Ukikuta maandishi mawili yanataja uzito tofauti, usikimbilie kusema ni mawe mawili. Uliza kwanza: ulipimwa kabla ya kukatwa au baada?

Uliza pia ni mali ya nani, ya ufalme au ya mtu binafsi. Almasi ya Cullinan, iliyochimbwa Afrika Kusini mwaka 1905, inafundisha vizuri: kipande chake kikubwa kabisa kimo kwenye fimbo ya kifalme, lakini vipande vingine viwili, Cullinan III na IV, vilikuwa vyake Malkia Mary, na mjukuu wake Elizabeth akavirithi mwaka 1953.

Mwisho tafuta picha zenye tarehe. Mimi huanza na harusi ya Charles na Diana, 29 Julai 1981, ambako Malkia Elizabeth alilivaa ua hilo. Ivute picha hadi uone petali tano za almasi nyeupe, na lile la waridi katikati yake. Nyeupe nazo zilitoka mgodi uleule.

Ukishamaliza, mahali pa asili usiandike "Afrika" tu. Andika Mwadui, Shinyanga.