SOMO: Mgonjwa wa kisukari anayewaka moto miguuni usiku (kwa wauguzi)

Meseji ni zile zile: "Nimempa diklofenaki ya maumivu, bado analia." Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Sikiliza anavyoyataja maumivu. Kuwaka moto, shoti ya umeme, kuchomwa sindano, ganzi, shuka likigusa anaruka: hapo mishipa ya fahamu yenyewe ndiyo mbovu. Diklofenaki haisaidii, na inaweza kuziumiza figo ambazo kisukari tayari kinazisumbua.

2. Pima maumivu 0 (hakuna) hadi 10 (makali kabisa), andika kwenye faili. Uliza na usingizi.

3. Mvue soksi, kagua mpaka katikati ya vidole.

4. Dawa. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Amitriptilini, dawa ya maumivu ya neva, kwa kawaida huanza miligramu 10 au 25 usiku, ikapandishwa taratibu. Si panadol hiyo; nafuu huweza kuchukua wiki kadhaa. Usipomwambia, ataiacha siku ya nne, na kliniki ijayo faili litaandikwa "dawa imeshindwa". Mwambie pia mdomo utakauka, atasinzia, choo kitakuwa kigumu. Mzee akiamka kukojoa akae kwanza kitandani ndipo asimame, maana presha hushuka akaanguka. ONYO: mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume iliyovimba, daktari ajue kabla hajameza. Akipewa gabapentini (nayo ya maumivu ya neva) na figo ni dhaifu, dozi hupunguzwa. Nayo haiachwi ghafla.

5. Sukari ishuke. Bila hiyo mnazunguka tu.

6. Marufuku kukanda miguu kwa maji ya moto. Mguu wenye ganzi unaungua, na mwenyewe hajui.

MASWALI

— Mkuu, na diklofenaki ya sindano je?
Rudi hatua ya 1.

— Dozi ya kuanzia ni ngapi?
Umesoma kweli? Hatua ya 4. Na anayeandika ni daktari.

— Mimi mwanafunzi. Mguu una ganzi, unaumaje tena?
Swali zuri sana hili. Nyuzi za neva zilizoharibika hazileti habari ya kweli kutoka mguuni, ndiyo ganzi. Hapo hapo zinajirushia ishara bila kuguswa, ubongo unazisoma kama moto. Uti wa mgongo nao ukizidiwa na fujo hiyo hukuza hata mguso mdogo. Nyuzi ndefu ndizo huanza kufa, kwa hiyo tatizo huanzia vidoleni, miguu yote miwili, likapanda mithili ya soksi. Ukikuta mguu mmoja tu, fikiria kingine, mfano mgongo.

— Wangu hana sukari, yuko kwenye dawa za TB.
Angalia kama anapewa piridoksini, yaani vitamini B6. Isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo za TB, huimaliza mwilini. Na aliyetumia metformini (dawa ya kisukari) miaka mingi, mkumbushe daktari vitamini B12, nayo huweza kupungua.

— Mkanda wa jeshi umepona, miezi sasa anaumia. Ndugu wanasema anadeka.
Hadeki. Ngozi imepona, neva bado. Waite ndugu uwaeleze mbele yake, na avae nguo laini isiyosugua.

— Nyongeza: soksi zivaliwe mshono ukiwa nje, na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaa. Wangu alitembea na kokoto kutwa nzima.
Naiongeza hatua ya 3. Asante dada.