Somo: Jinsi ya kuchagua majira ya kutembea hija ya Santiago

Swali la "mwezi gani ni mzuri?" halijibiki kwa neno moja. Njia ya Kifaransa, mojawapo ya njia za hija kwenda kwenye kaburi linaloaminika kuwa la Mtume Yakobo, inatoka mji wa Saint-Jean-Pied-de-Port nchini Ufaransa hadi kanisa kuu la Santiago de Compostela nchini Hispania, na ina karibu kilomita 780. Kwa miguu ya kawaida ni wiki tano hivi, na ndani ya wiki hizo hali ya hewa itakugeukia. Ninachowashauri mahujaji ni kupanga kwanza watavuka lini sehemu tatu ngumu. Tarehe ya kuanza itatokana na hizo.

Hatua ya 1: Milima ya Pirenei
Hii ni siku yako ya kwanza. Unapanda hadi mita 1,430 hivi, kisha unateremka hadi kijiji cha Roncesvalles, Hispania. Njia ya juu hufungwa kisheria kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31, na mahujaji hupitia bonde la Valcarlos. Aprili nayo si ya kuamini sana: theluji na ukungu hurudi bila hodi. Uliza ofisi ya mahujaji pale Saint-Jean kabla ya kupanda.

Hatua ya 2: Meseta
Hapa ndipo pa kupigia hesabu kuliko pote. Ni uwanda wa juu, mkavu, kati ya miji ya Burgos na León, na unaufikia baada ya siku 12 au 13. Kuna kipande kimoja, baada ya Carrión de los Condes, chenye kilomita 17 bila kijiji na karibu bila kivuli. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35. Mwili uliokwisha kuchoka, maji yanaisha chupani, jua la utosi: watu huanguka. Mei uwanda huo huwa kijani kwa ngano. Septemba ngano imevunwa, lakini asubuhi ni baridi na tamu kwa kutembea.

Hatua ya 3: Galicia
Huu ndio mkoa wa mwisho, ulimo mji wa Santiago. Mvua hunyesha mwaka mzima, na kuanzia katikati ya Oktoba huzidi. Mwishoni mwa Oktoba jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi, hivyo utatembea gizani au utachelewa kuondoka.

Hatua ya 4: Kalenda ya Kanisa
Sikukuu ya Mtume Yakobo ni Julai 25. Ikiangukia Jumapili, mwaka huo huwa Mwaka Mtakatifu. Unaofuata ni 2027. Neema ni kubwa, na msongamano pia. Juma Kuu nalo huijaza njia.

Uamuzi wangu: anza wiki ya kwanza ya Septemba. Utavuka Meseta joto likiwa limepungua na kuingia Santiago kabla mvua hazijashika kasi. Usipoweza, anza mwishoni mwa Aprili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, likizo yangu ni Julai tu. Niache?
Usiache, ndugu yangu. Fikiria Njia ya Kaskazini, inayoanzia Irún na kufuata pwani. Ina vilima vingi, lakini upepo wa bahari hupunguza joto. Ukishikilia ya Kifaransa, ondoka saa kumi na moja alfajiri na uwe umefika kabla ya saa saba mchana.

Nina siku kumi tu.
Anzia mji wa Sarria, ulio kama kilomita 115 kabla ya Santiago. Cheti cha Compostela, anachopewa hujaji akifika Santiago, kinahitaji angalau kilomita 100 kwa miguu. Kwako Pirenei na Meseta hazihusiki, kwa hiyo Mei, Juni na Septemba zote zinafaa. Agosti vitanda hugombewa.

Natamani ukimya wa majira ya baridi. Inawezekana?
Inawezekana, na ukimya wake ni wa kweli. Lakini hosteli nyingi za mahujaji hufungwa kuanzia Novemba hadi karibu na Pasaka. Kila jioni hakikisha kwa simu kwamba unakokwenda kesho kuna mlango ulio wazi, na usivuke milima peke yako.

Viza ya Schengen, ya kuingia Ufaransa na Hispania, niombe lini?
Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Kwa safari ya Septemba mapema, mlango unafunguka Machi. Peleka kabla ya Juni, maana wasafiri wa majira ya joto huzimaliza nafasi za miadi.