Kamera ya joto: itumie kabla jua halijachomoza

Ukiazima kamera ya joto, yaani ile inayoonyesha joto la vitu kwa rangi, ili ujue nyumba inapitishia wapi joto au baridi, usihangaike nayo mchana. Ukuta uliopigwa na jua hubaki na moto wake kwa saa kadhaa, na picha itakudanganya. Alfajiri ndiyo saa yake, tena iwe ndani na nje vimepishana nyuzi 10 hivi za sentigredi. Chini ya hapo rangi zote hufanana.

Kingine, kamera haioni ndani ya ukuta. Inasoma uso wake tu. Na kitu kinachong'aa hurudisha joto la vitu vingine. Niliwahi kushangilia nimepata tatizo kwenye kioo cha dirisha, kumbe ni joto la mwili wangu mwenyewe! Kwa bomba la chuma linalometameta, bandika kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme, subiri dakika chache, kisha pima juu ya utepe.

Doa la baridi kwenye dari si lazima liwe pengo linalopitisha baridi. Unyevu unapokauka nao hupoza, kwa hiyo panda uliguse kwa mkono kwanza.