Kuwatafuta na kuwachagua wanachama wapya wa chama cha heshima chuoni

Kwa miaka miwili nilishika kazi ya wanachama katika tawi la chama cha heshima cha wanafunzi wa uhandisi, Marekani, yaani chama kinachowaalika wanafunzi wenye alama za juu. Nitakueleza tulivyofanya, pamoja na pale nilipovurunda.

Usianze na matangazo. Uanachama huu hauombwi, mtu hualikwa. Mwanzoni mwa muhula nenda kwa msajili wa chuo akupe majina ya wanaostahili. Tau Beta Pi, chama cha heshima cha uhandisi kilichoanzia Chuo Kikuu cha Lehigh mwaka 1885, huanzia kwenye moja ya nane ya juu ya mwaka wa tatu na moja ya tano ya mwaka wa nne. Phi Kappa Phi, chama cha heshima cha fani zote, huchukua asilimia 7.5 ya juu ya mwaka wa tatu na 10 ya mwaka wa nne. Soma katiba ya chama chako mwenyewe, usibahatishe. Orodha ikishafika, itunze: sheria ya shirikisho ya 1974 inalinda kumbukumbu za masomo, kwa hiyo kikaoni yasomwe majina, alama zibaki kwako.

Muhula wa kwanza nilituma barua pepe kwa watu arobaini. Wakajibu tisa. Waliobaki walidhani ni matapeli, na siwalaumu, maana wapo wanaouza heshima kwa yeyote mwenye hela. Muhula wa pili nilichapa barua, nikaandika kila jina kwa mkono, wenzangu wakazipeleka hadi maabara. Taja ada kwenye ukurasa wa kwanza, useme inalipwa mara moja au kila mwaka. Kama tawi lina mfuko wa kumsaidia asiyeweza, sema hapohapo, asilazimike kuja kuuliza.

Katika usaili wakae wawili, na kila mtu aulizwe maswali yaleyale. Mimi nililipenda hili: "Ni lini mara ya mwisho ulifanya kazi ya mwenzako isiyokupa alama?" Wasemaji wazuri walikuwa wakikwama hapo. Kijana mmoja, muda wote macho chini, alitusimulia alivyokesha akiunganisha upya saketi ya mwenzake iliyoungua. Andika alichosema, usiandike ulivyomwona. Tena kila msaili aandike kabla hamjaanza kuzungumza, la sivyo mwenye sauti kubwa ndiye atakayeamua.

Sherehe ya kuwapokea iwe fupi, na asidhalilishwe mtu. Sina zaidi hapo.

Kura ya wanachama, ya kumkubali au kumkataa mtu, ndiyo iliyonishinda. Kikao kimoja mwanachama alisema kuhusu dada fulani, "Yule ana maringo." Ningemuuliza: umeona nini, lini? Sikuuliza. Chumba kizima kikamfuata, dada akaanguka kwenye kura. Wiki mbili baadaye nikasikia kwamba dada huyo aliwahi kukataa kuliweka jina la mwanachama yule kwenye ripoti ya mradi ambao hakuugusa.

Tangu hapo pingamizi likawa la maandishi, lenye tarehe na jina la mwandishi, na linahusu jambo aliloliona kwa macho yake. Mwenye ugomvi na mwalikwa anatoka nje. Kura ni ya siri, kwa karatasi, wanahesabu wawili.

Muhula uliofuata jina la yule dada lilirudi kwenye orodha. Barua nilimpelekea mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akanirudishia.