Redio ya valvu: kapasita na rezista zipi zibadilishwe thamani, zipi ziachwe

Mchoro wa redio ya miaka ya 1950 utakudai kapasita ya maikrofaradi 8 au 0.05, na rezista ya kiloomu 250. Dukani huzipati. Chukua 10, 0.047 na 270. Rezista nyingi za kaboni za wakati ule ziliruhusiwa kupishana asilimia 20, kwa hiyo saketi yenyewe ilikwisha kuzoea.

Chomoa waya ukutani kwanza, kisha mwaga chaji: rezista ya kiloomu 10, wati 5, kati ya chanya ya kapasita kubwa na chasi (fremu ya chuma ya redio) kwa sekunde tano. Pima hadi mita isome sifuri.

Kapasita ya kwanza baada ya rektifaya, valvu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, haitaki ukarimu. Rektifaya ya EZ80 inavumilia maikrofaradi 50, basi. Ukitia 100 ili kuua mngurumo, kapasita itafyonza mkondo mkali kwa kila wimbi la umeme na kuila kathodi ya valvu hiyo, sehemu inayotoa elektroni. Ya pili, iliyo nyuma ya rezista ya kuchujia, ina nafasi: 16 ikiwa 22, hata 47, hakuna ugomvi. Zote ziwe za volti 450.

Kapasita inayopeleka sauti kwenye gridi (mlango unaoongoza mkondo) ya EL84, valvu inayoendesha spika, huharibu zaidi kwa kuvuja kuliko kwa thamani. Inyanyue mguu wa upande wa gridi, washa redio, ikishapata moto pima kati ya mguu huo na chasi kwa mita ya dijitali ya megaomu 10. Volti 20 ni maikroampea 2 zinazovuja. Kwenye rezista ya gridi ya kiloomu 680 zinazaa volti 1.4 chanya, nayo gridi inatakiwa iwe chini ya kathodi kwa volti 7 hivi. Valvu inavuta kupita kiasi, kisha inaungua transfoma ya spika, na hiyo kuipata ni kazi. Weka ya filamu, thamani ileile, volti 630.

Malizia kwa kupima pini ya 3 ya EL84, yaani kathodi. Volti 7.5 juu ya rezista ya kathodi ya omu 150 ni miliampea 50; toa 5 za gridi ya skrini, zidisha 45 kwa volti 240 za kati ya anodi na kathodi: wati 10.8. Mwisho wa EL84 ni wati 12. Ikizidi, tazama swichi ya voltiji nyuma: redio iliyowekwa 220 ikila 240, filamenti za volti 6.3 zinapata karibu 6.9, na hilo rezista ya kathodi hailiponyi.

Rezista ikisoma juu ya thamani yake kupita ile asilimia 20 ingali kwenye saketi, imekufa. Ikisoma chini, nyanyua mguu kabla ya kuihukumu.

Zile ndogo za pikofaradi kando ya koili ziache; ukizigusa, stesheni zinahama kwenye kioo.